Karatasi Aliyoishika Papa

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari hili ni la benki fulani, la miaka mitatu iliyopita, lina ngozi ya uongo na utepe mwekundu. Muturi, mwenye hii saiba, duka la kompyuta na kuchapa ninakofanya kazi, alilitoa kwenye dawati lake akaniambia niandike kila mtu anayeingia na shida yake. Nimejaribu siku mbili. Shida za watu wa Kitale ni tatu tu, nazo hazinichekeshi. Kwa hivyo kuanzia leo ninaandika habari zangu mimi, na Muturi akiuliza nitamwambia mteja mkubwa wa hapa ni Wangila.

Wangila ndiye mimi. Shule niliiacha Fom Tu kule Bungoma, au iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Lakini njoo sasa uone. Ni msimu wa kuchagua kozi za chuo kikuu, na watu wenye A wananipigia foleni mimi mwenye cheti cha darasa la nane. Mvua imeanza, kila mtu anapanda mahindi, na watoto wao wanaletwa kwangu niwapande vyuoni.

Nina daftari lingine, la kijani, la mraba mraba. Hilo ndilo mali. Wanafunzi husahau pasiwadi kabla hawajafika stendi, kwa hivyo ninawafungulia akaunti mimi, ninaweka pasiwadi mimi, kisha ninaandika: jina, namba ya mtihani, pasiwadi, kozi. Akirudi analia, ninafungua ukurasa wake. Saiba zote za mtaa huu zinafanya hivyo, ila mwandiko wangu ndio unaosomeka. Nina watu mia moja na kumi na watatu humo ndani. Ningetaka, ningewafanya wote wasomee ufugaji wa nyuki.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Watu kumi na wawili. Kumi wanataka udaktari, na mmoja wao ana C.

Ijumaa, 11 Aprili

Muturi amesema ninaongea sana na ninachapa kidogo. Huyu mzee angezaliwa mashine ingemfaa.

Jumapili, 13 Aprili

Mukhisa amekuja kutoka Bumula. Niliwaambia watu wote kwenye foleni wasogee, mgonjwa wa akili anapita.

Mukhisa ni bakoki wangu. Asiyejua maana yake amuulize Mbukusu yeyote: tulitahiriwa Agosti moja, asubuhi moja, tukiwa tumesimama bega kwa bega. Kwa bakoki hakuna adabu. Anaweza kunitukana mbele ya mama yangu na mama akacheka. Hagongi mlango, halipi, haulizi. Naomba na asante tunawaachia wageni.

Tena mimi nilisimama kwenye uwanja wao. Mama yangu hakuwa na mtu wa kunisimamisha, baba yangu anajulikana na Mungu peke yake. Mzee Wakhungu, babake Mukhisa, ndiye aliyesema huyu pia ni wangu. Alichinja dume moja kwa ajili ya wawili. Tangu hapo ninamwita Papa, kama Mukhisa anavyomwita.

Nakumbuka alfajiri ile tukirudi mtoni tumepakwa matope, baridi inauma mpaka kwenye meno, watu wanaimba nyuma yetu wamejaa juu ya daraja la magogo. Mimi nilikuwa ninaomba Mungu magoti yasitetemeke. Mukhisa akaninong'oneza: "Angalia linavyopinda katikati." Mtu anaenda kukatwa, yeye anaangalia daraja. Hapo ndipo nilijua ana kasoro.

Kasoro yenyewe haijapona. Anataka uhandisi wa madaraja. Ana B plasi, Hisabati ana A, Fizikia B, lakini Kemia ilimpiga C plasi, na pointi za uhandisi zimemkosa kidogo tu. Nilimwonyesha kwenye skrini. Aliangalia muda mrefu. Kisha akasema atachukua shahada ya sayansi kwanza, halafu aingie uhandisi kwa shahada ya pili. Ati kuna watu wamefanya hivyo.

Nikamwambia hilo nalijua zamani, nilikuwa ninangoja tu aulize. Sikulijua.

"Sasa sayansi gani, profesa?" akauliza.

"Sayansi ya jumla. Ina kila kitu ndani."

"Hata supu ya jana ina kila kitu ndani," akasema, na foleni yote ikanicheka.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumeenda Kapsokwony kumwona Madam Cherono, aliyemfundisha Mukhisa Fizikia kabla hajahamishiwa shule ya huko juu. Yuko nyumbani kwa Pasaka. Barabara ya mlima ilikuwa matope matupu. Mara mbili mwenye boda alituambia tushuke tusukume, mara ya pili nilimwambia basi atupe pikipiki tumbebe na yeye. Nilifika nikiwa na rangi moja kuanzia kiatu hadi nyusi.

Madam Cherono alitukaribisha kwa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, akachukua kalamu, akamuuliza Mukhisa anataka nini hasa: kupiga muhuri kwenye ramani za daraja, au kujua kwa nini daraja linasimama? Mukhisa akasema yote mawili. Akamwambia hilo ndilo kosa la kwanza. Bodi inayosajili wahandisi huangalia shahada ya kwanza, na akiingia kwa mlango wa sayansi huenda asipewe ule muhuri kamwe, ajue hivyo tangu leo asije akalia akiwa na mvi. Lakini kuna wahandisi wa utafiti, wanaopima na kukokotoa na kujaribu vyuma mpaka vivunjike, na vyuo vinavyowafundisha hupokea watu wa sayansi. Vinachotafuta kwanza ni hisabati. Si kidogo, ni kila mwaka, mpaka ile ngumu ya vitu vinavyobadilika. Pili mekanika. Tatu ajue kuiandikia kompyuta kazi ikafanya.

Nilipotaja sayansi ya jumla aliniangalia kama mtu aliyekanyaga maziwa yake. Ile inagusa kila kitu na haichimbi popote, akasema. Achukue Fizikia safi, na kila nafasi ya kuchagua aijaze hisabati. Hata masomo ya mwaka wa kwanza ambayo chuo hakitaki achukue, akiona yanatakiwa huko mbele, ayachukue.

Mukhisa alimuuliza mbona yeye ni mwalimu. Alisema alifanya hivyohivyo, Fizikia, na akaitwa nje kusomea uhandisi, ila mamake akapooza mwaka huo. Akarudi nyumbani, akaongeza diploma ya ualimu ya mwaka mmoja, akapata kazi.

"Ndiyo maana nakwambia Fizikia," akasema. "Mambo yakiharibika, kutoka Fizikia unaweza kuja ualimu. Mimi ni huyu hapa. Lakini ukianza na ualimu, nusu ya masomo ni ya jinsi ya kusimama mbele ya watoto. Kurudi kutoka huko kwenda uhandisi ni kupanda hii barabara mliyopanda leo, usiku, peke yako."

Nimeyaandika yote kwa sababu nitayauza. Kila mwenye B anayekuja nitamwambia haya kama yametoka kichwani mwangu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwingiza Mukhisa. Nafasi ya kwanza Fizikia. Ya pili Hisabati. Ya tatu Fizikia ya chuo kingine. Mfumo unakupeleka kwenye ya kwanza unayotosha, na yeye anatosha ile ya kwanza kwa kuruka. Pasiwadi nimemwekea tusi la Kibukusu ambalo sitaliandika hapa. Alicheka mpaka akapaliwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimewauzia watu watatu Madam Cherono. Mmoja amesema nina akili. Muturi alisikia, akakohoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua ya mawe. Mahindi ya watu yamelala.

Jumanne, 6 Mei

Papa Wakhungu amekuja leo. Nilishtuka, kwa sababu hajawahi kufika hapa, na kwa sababu koti lake la kahawia, alilovaa miaka yote akiwa mhudumu wa mashamba kule Mabanga, lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Nilimwamkia kwa mikono miwili. Alikuwa na bahasha ya hospitali, anataka itumwe kwa daktari mmoja Eldoret.

Mimi husoma kila karatasi inayopita kwenye mashine yangu, sina aibu. Kiingereza cha madaktari si cha Fom Tu, lakini kompyuta ipo. Nilitafuta neno moja moja huku nikijifanya mashine imekwama. Ni ini. Ni saratani, mbele yake wameandika hatua ya nne, na hizo hatua hazifiki tano.

"Umesoma," Papa akasema.

"Hapana, Papa."

"Umesoma, Wangila. Basi kaa nayo. Mukhisa asijue mpaka nipange nyumba yangu."

Nilifikiri nitaandika kichekesho hapa mwisho. Sina.

Alhamisi, 8 Mei

Mukhisa amepiga simu ananitukana vizuri sana. Yuko shambani anapalilia na dadake Nabwile. Ati Papa ana vidonda vya tumbo. Nikasema pole kwa tumbo lake.

Jumatatu, 12 Mei

Wamefungua tovuti kwa wanaotaka kubadilisha kozi. Mwisho ni Alhamisi saa kumi na moja jioni. Nimebandika karatasi dirishani kwa wino mwekundu, na chini nimeandika: MTAALAMU YUPO.

Jumatano, 14 Mei

Andika polepole, Wangila.

Papa alirudi leo saa tisa. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mlima, nyeusi. Muturi alikuwa ameenda benki. Papa aliketi kwenye kiti cha wateja akashika magoti. Aliniuliza kozi ya Mukhisa inaitwaje. Nikamwambia Fizikia. Akauliza mtu wa Fizikia anaajiriwa na nani. Nikaanza kueleza, nikaona hasikii, anapumua tu.

Akasema hivi, na nimeyakumbuka yote: "Mimi nimeona vijana wa sayansi wamekaa nyumbani na makaratasi. Mwalimu hata akikaa, shule ya jirani itamwita. Nabwile yuko Fom Tu. Mama yake hana mtu. Mweke Mukhisa ualimu. Hili daftari lako la kijani linaweza, wameniambia."

Nikamwambia tumwite Mukhisa aseme mwenyewe. Akasema hapana. Akimwita atalazimika kumwambia ugonjwa, na mtoto atakubali kwa machozi, na yeye hataki machozi.

Kisha akasema: "Siku ile uwanjani sikumuuliza mtu kama wewe ni wangu."

Sasa wewe unayesoma hili, ungefanya nini? Bakoki upande huu, aliyemchinjia dume upande ule, na ni asubuhi ileile moja iliyonipa wote wawili.

Lakini mimi ni mjanja, si ndiyo. Nikapata njia. Nitaingia kwa akaunti ya Mukhisa, nitaweka Ualimu wa Sayansi namba moja, nitachapa karatasi, nitaipiga muhuri, Papa ataishika aende zake na amani. Akishatoka tu, nitarudi ndani nirudishe Fizikia. Dakika tano. Kila mtu atakuwa na anachotaka, na wote watakuwa hawajui, na mimi nitakuwa nimewabeba wote mgongoni.

Nikafanya. Mashine ikatoa karatasi. Nikagonga muhuri wa saiba, nikaandika jina langu chini ya "Amehudumiwa na". Papa akavaa miwani. Akasoma mstari mmoja muda mrefu. Akauliza Mukhisa akijua atasema nini.

Hapa sijui ni nani aliyefungua mdomo wangu. Nikasema: "Usijali, Papa. Nimemwandikia ujumbe hapa mashine ikichapa, nikamwambia tu unapenda nini. Amekubali mwenyewe, kwa moyo wake."

Alivua miwani akaipangusa. Aliikunja karatasi mara nne akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Nikangoja atoke. Mvua ikaanguka. Si mvua ya kutoka mtu. Papa akavuta kiti karibu na meza yangu akaangalia skrini kama televisheni, akaniambia nimfundishe mashine inavyofanya kazi. Nilimfundisha, nikiitazama saa yake. Saa kumi na nusu radi ikapiga upande wa sokoni, transfoma ikatoa sauti kama gunia likianguka, na stima ikaenda mtaa mzima.

Papa akacheka kidogo gizani. Akasema bahati nzuri tulikuwa tumemaliza.

Alhamisi, 15 Mei

Stima hakuna. Asubuhi nilifika saa moja. Watu wa stima wanasema transfoma imeungua, ngojeni. Neti ya simu imelala pia, bando linazunguka tu halifungui kitu. Simu za kawaida zinapita.

Saa nne nikapanda boda hadi upande wa pili wa mji. Giza huko pia. Saiba mbili zenye jenereta, neti hakuna.

Saa sita nikamwambia Muturi. Si yote. Nilimwambia kuna mteja wa Bumula niliyemwingiza vibaya na leo ndiyo mwisho. Nilingoja anigombeze. Aliuliza tu kama Bumula kuna stima. Nikasema labda ipo.

"Huyo kijana ana simu," Muturi akasema. "Mpigie. Mpe pasiwadi yake, aingie saiba ya hapo kwao, arekebishe mwenyewe."

Ni jambo la dakika moja. Mtoto wa chekechea angelifikiria. Nilitoa simu, nikaona jina lake, nililoliandika "Fala wa Madaraja". Kumpa pasiwadi si shida, hata anaikumbuka, ni tusi. Lakini ataingia aone Ualimu imeketi namba moja, ataniuliza ni nani. Na nikijibu Papa, atauliza kwa nini. Na hapo ndipo ini.

Nikarudisha simu mfukoni. Nikasema stima itarudi.

Saa kumi kamili alipiga yeye. Anatoka shambani. Akauliza kama kila kitu kiko sawa, maana redioni wamesema leo wanafunga.

Nikamjibu: "Wewe palilia, fala. Uko mikononi mwa daktari."

Akanitukana, akakata.

Ijumaa, 16 Mei

Stima imerudi saa nne. Tovuti imefungwa jana saa kumi na moja.

Jumamosi, 17 Mei

Nimetoa ile karatasi ya wino mwekundu dirishani.

Jumatano, 21 Mei

Leo msichana mmoja aliuliza akianza na ualimu anaweza kuja uhandisi baadaye. Nikaanza kumsomea Madam Cherono, na katikati nikanyamaza. Mambo yakiharibika, kutoka Fizikia unaweza kuja ualimu. Diploma ya mwaka mmoja.

Hilo ndilo Papa alikuwa anatafuta. Mtoto asome Fizikia, na nyumba ikianguka awe mwalimu. Alikuja hadi hapa Kitale na ini lake kuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenye daftari hili, ukurasa wa kumi na tisa Aprili, mwandiko wangu unaosomeka. Nimewauzia watu tisa maneno hayo. Yeye sikumwambia. Nilikuwa na haraka ya kuwa mjanja.

Msichana alingoja, kisha akaenda saiba nyingine.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua.

Jumanne, 27 Mei

Mvua.

Ijumaa, 30 Mei

Mukhisa amepiga. Hakutukana. Papa amelazwa Bungoma, na daktari amewaambia wote. Aliniuliza kama ninajua kitu kuhusu ini. Nikasema hapana.

Jumanne, 3 Juni

Muturi aliniuliza yule mteja wa Bumula ilikuwaje. Nikasema sawa. Alinitazama kisha akaniletea chai. Miezi yote hii nimemwita mashine. Ni mimi ninayetoa nje chochote ninachoingiziwa.

Jumapili, 8 Juni

Papa alitaka kurudi nyumbani, wakamrudisha Bumula. Nilienda leo baada ya ibada. Alikuwa amewekwa sebuleni kwenye godoro, dirisha limefunguliwa aone migomba. Mama, mamake Mukhisa, alikuwa kichwani, Nabwile miguuni, na wazee watatu wa kanisa kwenye viti. Mukhisa alikuwa amechuchumaa anamfuta midomo kwa pamba. Amekonda hata yeye. Alinipiga kofi la kisogo nilipoingia, kama kawaida, nami nikashukuru kwa hilo kofi.

Papa alinitambua. Akanionyesha niketi. Kisha akamwambia Mama amletee koti.

Nilijua. Nilitaka kutoka nje, ila mzee mmoja alikuwa ameweka kiti mlangoni.

Alitoa ile karatasi, mikunjo minne, muhuri wangu. Akasema kwa sauti ndogo lakini sote tulisikia. Akasema anaenda bila deni moyoni. Mwanawe alikuwa na hamu ya mambo mengine makubwa, na yeye hakumlazimisha, na mtoto aliposikia tu mzazi anapenda nini, alikubali mwenyewe, kwa moyo wake, akabadilisha. Alisema nyumba yake ina mwalimu sasa. Akampa mzee wa kanisa karatasi asome. Mzee akasoma kwa sauti, mpaka jina langu chini.

Wazee wakasema amina.

Mukhisa alikuwa bado na pamba mkononi. Aliiangalia karatasi, akaniangalia mimi. Nimemjua miaka mingi na uso ule sijawahi kuuona. Haukuwa na hasira. Ulikuwa kama alivyoangalia lile daraja, mtu anayetafuta mahali penyewe linapopinda.

"Ndivyo, mwanangu?" Papa akasema.

Niliomba Mungu aseme hapana. Naapa. Aseme hapana, anipige, wazee wanishike, ijulikane.

"Ndivyo, Papa," Mukhisa akasema.

Papa akaweka mkono wake kichwani mwa Mukhisa. Ukakaa hapo mpaka akalala.

Nje nilimngoja karibu na tangi la maji. Alitoka, akachota maji, akanipita na ndoo akaingia ndani.

Alhamisi, 12 Juni

Papa Wakhungu ametutoka saa nane mchana.

Jumamosi, 21 Juni

Tumemzika. Mvua ilisimama saa nne, ikatupa nafasi. Nilikuwa kati ya waliobeba, nilisimama nyuma ya Mukhisa, na njia nzima nimeona shingo yake tu.

Mchungaji alihubiri juu ya watoto wasikivu. Akaitoa karatasi. Mama ndiye alimpa, hajui. Akasema mbele ya watu wote wa Bumula kwamba mzee huyu alikufa ameshika utii wa mwanawe, akaiinua watu waione. Watu walipiga makofi. Wazazi waliwagusa watoto wao kwenye bega. Kisha wakaiweka ndani ya Biblia ya Papa, na Biblia ikawekwa mikononi mwa Mukhisa, kwa sababu ndiye mkubwa.

Nilichimba udongo kuliko mtu yeyote. Walisema nina uchungu wa mtoto wa kuzaliwa.

Jumanne, 1 Julai

Majibu ya vyuo yametoka. Watu wamejaa mpaka barabarani. Nilifungua daftari la kijani, nikawaangalizia wote kwanza. Mwenye C aliyetaka udaktari amepata ufugaji wa samaki na anashangilia.

Wa mwisho nilimwangalia yeye. Niliandika lile tusi, herufi moja moja. Ualimu wa Sayansi.

Jumamosi, 5 Julai

Alikuja leo.

Sikumwona akiingia. Nilipoinua macho alikuwa kwenye foleni, wa nne, kati ya mama mwenye mtoto na askari wa usiku. Nilimwita apite mbele. Alisema kwa upole kwamba atangoja zamu yake. Akangoja. Ilichukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo nilikosea kila kitu nilichochapa.

Zamu yake ilipofika aliketi, akaweka mwavuli mweusi wa Papa kati ya miguu.

"Habari za mchana," akasema. "Naomba unichapishie barua ya kujiunga na chuo."

Nikafungua. Mashine ikaanza kuvuta. Nikainama nikamwambia kwa haraka, kabla ujasiri haujaniisha, kwamba kuna dirisha la kuhama kozi mwezi ujao, watu wanahama, pointi zake zinatosha Fizikia kwa kuruka, nitamfanyia usiku na mchana, nitaenda mwenyewe mpaka chuoni nikapige magoti. Nikamwambia hata Madam Cherono atatuandikia barua. Nikamwambia ni mimi, nilidhani nitarudisha, mvua ilinizuia. Nikasikia nilivyosema mvua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hajawahi kunisikiliza mpaka mwisho, siku zote hunikatiza.

"Mchungaji aliinua karatasi mbele ya watu," akasema. "Mama ameiona. Nabwile anasimulia shuleni. Nikihama, Papa atakuwa amekufa ameshika uongo. Wewe unataka niwaambie hivyo?"

Niliangalia mashine ikivuta karatasi.

"Ungenipigia tu," akasema. "Ningemwendea mwenyewe. Labda tungepata njia. Hata kama tusingepata, ningekuwa nimeongea naye."

Mashine ikamaliza. Kurasa sita. Nilizibana, nikampa. Alizihesabu, akazitia kwenye bahasha. Kisha akaomba ukurasa wake kutoka daftari la kijani. Niliuchana taratibu usije ukaharibika. Alisoma pasiwadi pale, lile tusi, na kwa muda mfupi mdomo wake ulitaka kufanya kitu. Haukufanya. Akaukunja mara nne.

"Asante sana, Bwana Wangila," akasema.

Mvua ilikuwa imeanza tena. Nilisimama nikamfuata mpaka mlangoni. Nilijua tusi litakuja, hata moja, hata dogo, hata la mama yangu. Alifungua mwavuli wa Papa, akageuka, akaniangalia mguuni, akaniambia nirudi ndani nisije nikalowa.

Muturi ndiye aliyehudumia waliobaki.

Jumapili, 6 Julai

Mvua.